Wakopeshaji binafsi wa ujenzi, mauziano si mkopo!

Wakuu, sasa imezidi.

Mtu ana kiwanja chenye hati, boma limekwama kwenye lenta, benki inamzungusha. Dalali anamuunganisha na "mwekezaji". Karatasi anayosainishwa si ya mkopo, ni mkataba wa mauziano! Kiwanja cha milioni 90 kimeandikwa kimeuzwa 45. Nyuma yake imebanwa fomu ya uhamisho: jina lipo, saini ipo, picha ipo, tarehe imeachwa wazi. Kazi ya huo uwazi mnaijua.

Wanakimbia rehani kwa sababu rehani ina masharti. Isajiliwe kwa Msajili wa Hati, mwenza aridhie kama ni nyumba ya familia, ukishindwa kulipa upewe notisi ya siku 60, ikipigwa mnada kinachobaki baada ya deni ni chako. Kwenye mauziano hakuna notisi wala chenji. Siku ikipita wanajaza tarehe, kesho unaitwa mvamizi kwako.

Hesabu yao sasa. Milioni 30, riba 10% kwa mwezi, miezi 6. Riba ya mwezi wa kwanza inakatwa juu kwa juu, milioni 3, na "ada ya fomu" milioni 1. Unaondoka na 26, unarudisha 45. Tuseme nyumba imeisha: vyumba sita vya kupangisha kwa 80,000 vinaingiza 480,000 kwa mwezi. Kodi ya mwaka mzima ni 5,760,000, haifikii hata riba ya miezi miwili. Kikomo cha riba cha BoT (Benki Kuu ya Tanzania) kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ni 3.5% kwa mwezi, yaani 1,050,000 kwa mkopo huo huo. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yao. "Mwekezaji" wako hayumo? Huyo ni kausha damu aliyevaa suti.

Mkopeshaji wa kweli anakubali mkataba wa mkopo na rehani, anapitisha pesa benki, anatoa kwa awamu (lenta, kupaua, finishing) na riba inahesabiwa kwa kilichotoka tu. Ukimaliza deni, hati na fomu ya kufuta rehani mnapeana siku hiyo hiyo, si "njoo Jumatatu".

Nanyi wenyeviti wa mitaa mnaogonga mihuri kwenye mauziano haya: muuzaji gani anauza nyumba leo halafu kesho anashusha mifuko ya saruji humo humo, na hamuulizi?