Mamogramu imerudi na "sifuri": mliopitia tupeane uzoefu

Zabibu Nyekundu
Habari zenu wana jamvi. Nina miaka 47, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nilipiga mamogramu, ile eksirei ya matiti, bila uvimbe wala maumivu, kujichunguza tu. Juzi nikapewa bahasha, nikaifungua humohumo kwenye bajaji. Mwishoni pameandikwa BI-RADS 0, ile namba wanayoipa picha ya matiti. Nikampigia dada yangu Mpwapwa: ni sifuri, hamna kitu! Nikashuka nikanunua na zabibu kilo nzima.

Jana napigiwa simu: "Mama, rudi, kuna picha za nyongeza." Ikakatwa. Sijalala. Sifuri gani hii ya kurudishwa? Naombeni mnieleze, msinifiche.

Mama Pacha
Pole mwaya, hata mimi nilishangilia hivyohivyo. Hiyo sifuri maana yake picha hazijatosha kutoa jibu. Daktari hajasema unayo saratani, hajasema huna. 1 na 2 ndiyo salama. 3 ni karibu salama, uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, kwa kawaida wanakurudisha baada ya miezi 6. 4 wanataka kinyama, yaani kipande kidogo cha titi, wakapime. 5 ndiyo shaka kubwa, asilimia 95 kwenda juu.

Mimi titi la kushoto lilijikunja kwenye mashine, pakatokea kivuli. Wakakuza sehemu ileile tu, nikaambiwa nenda nyumbani. Kubana inabana lakini, utadhani wanasukuma chapati.

Mrangi wa Kondoa
Kwangu yalikuwa matiti mazito, yaani yenye tezi nyingi kuliko mafuta. Daktari alinigeuzia kompyuta nione: mafuta ni meusi, tezi ni nyeupe, na uvimbe nao ni mweupe. Akasema ni kama kumtafuta mbuzi mweupe kwenye kundi la mbuzi weupe. Nikapigwa altrasaundi, kumbe vifuko vya maji.

Tabibu Asilia
Dada njoo inboksi, kuna mizizi inayeyusha kila aina ya uvimbe.

Mama Pacha
Mkuu, uvimbe wenyewe haujaonekana, wewe umeshaleta dawa?

Treni ya Manyoni
Mimi ilikuwa 4, nasema yote kwa kuwa umesema tusikufiche. Pembeni palikuwa na herufi A. Iulizieni hiyo herufi, maana hiyo 4 ni pana: A ni shaka ndogo, C ni kubwa. Mie sikuuliza, nikaanza kuandika nani atabaki na wanangu.

Siku ya kinyama wanakuchoma ganzi, halafu sindano inalia "tak!" kama stepla ya ofisini. Nilirukia ule mlio, si maumivu. Wakarudia mara nne. Nikabaki na alama nyeusi kama wiki mbili.

Kilichonitesa ni kusubiri. Hospitali yenyewe siitaji. Wiki ya tano nikafunga safari mwenyewe, nikakuta majibu yamelala mezani tangu wiki ya pili, hakuna aliyenyanyua simu. Faibroadenoma, uvimbe usio saratani. Nikakaa kwenye benchi nikalia kwa hasira kuliko furaha. Dada tuliyechomwa naye siku moja majibu yake yalikuwa mengine, akapewa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar. Yuko kwenye dawa, tunapigiana kila Jumapili. Kwa hiyo ukiondoka uliza tarehe ya majibu na namba ya kupiga, usikubali "tutakuita".

Baba Neema
Mke wangu alirudishwa sababu ya deodoranti. Madini yake kwenye picha yanafanana na chembe za chokaa, na chembe hizo ndizo wanazozitafuta. Siku hiyo usipake kitu kwapani wala kifuani, hata poda.

Mama Pacha
Zabibu, ulishawahi kupiga huko nyuma? Wakilinganisha na picha za zamani, mara nyingine kivuli kinakutwa kipo vilevile miaka yote.

Zabibu Nyekundu
Nilipiga 2018 Dar, kabla wizara haijatuhamishia huku. CD walinipa.

Mama Pacha
Sasa iko wapi?

Zabibu Nyekundu
Nimepekua tangu saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mwanangu mdogo wa kiume kaichora uso kwa kalamu, lakini nimeijaribu kwenye kompyuta ya kazini, inafunguka. Nimeitia kwenye mkoba na ile ripoti. Miadi ni kesho saa mbili asubuhi.

Treni ya Manyoni
Usipake deodoranti.