Naomba ushauri: lahaja ya milimani katika lugha niliyoibuni kutokana na Kigiriki

Mleta uzi: Wakuu, nimebuni lugha kutokana na Kigiriki cha kale kwa ajili ya mchezo wa redio, nami nataka watu wake wa milimani waseme kama Walakonia, yaani Wagiriki wa Sparta: mama awe "mater" badala ya "meter", s iliyo kati ya irabu igeuke h, na th igeuke s. Linalonikosesha usingizi ni "agathos", yaani mwema. Liwe "agasos" au "agahos"?

Mlamu: Bibi yangu alisema "mato" na "kuteka", nasi tuliorudi kutoka shule za Unguja na "macho" na "kucheka" zetu tukamcheka, hadi akatunyima mkate wa kumimina. Usiwadhihaki watu wa milimani.

Fundi Sarufi: Tazama kanuni ipi ilitangulia. Ikiwa s iligeuka h kwanza, ndipo th ikawa s, hiyo s mpya imesalimika, nawe unapata "agasos". Ukipindua mpangilio, nayo inageuka h, nawe unapata "agahos". Walakonia walisema "Moha" kwa Mousa, mungu wa kike wa nyimbo, lakini "parsenos" kwa parthenos, yaani mwanamwali. Kichungulie pia Kitsakonia, kizazi cha lahaja hiyo kinachosemwa hadi leo katika mji wa Leonidio, Ugiriki: kwa "naona", mwanamume husema "eni oru", mwanamke "eni orua". Lakini mbona una haraka hivyo?

Mleta uzi: Kusema kweli, tumekwisha kurekodi. "Agahos" limetamkwa mara 41, na mwigizaji amekwenda zake Muscat. Hata hivyo linapendeza masikioni, na lugha ni yangu.

Ustadhi: Ngeli za Kiswahili zinakushinda, unabuni lugha nyingine!

Macho Makavu: Ndugu zangu, hapa hakuna mchezo wala mwigizaji. Hili ni zoezi la chuo kuhusu mpangilio wa kanuni za sauti, na Fundi amekwisha kumfanyia bure.

Fundi Sarufi: Hata kama ni zoezi, jibu ni lile lile. Kama ni rekodi, sema "agahos" ni usemi wa kijiji cha jirani ambako th iligeuka s mapema, kabla ya s kugeuka h.

Mleta uzi: Chuo nilimaliza mwaka 2009. Nimesikiliza tena rekodi usiku huu: katika onyesho la tatu yule dada alisema "agasos" kwa kuteleza, na sauti yangu inasikika nyuma ikimsahihisha.