Simu za wasikilizaji redioni Lubumbashi: zipite moja kwa moja au zichujwe kwanza?

Mleta hoja:
Ndugu wa Lubumbashi, hapa kwetu Kongo (DRC), redio ya umma ikizungumzia mambo ya jiji, yaani maji, umeme, taka, barabara za komini (mitaa mikubwa ya jiji) kama Katuba na Ruashi wakati wa mvua, mkaaji anayepiga simu asikike hapo hapo, au arekodiwe, akatwe, ndipo apitishwe hewani?

Mimi niko upande wa hapo hapo. Sauti iliyorekodiwa hufika imeoshwa mno. Mama ametaja avenue yake, nguzo iliyoanguka na ofisi aliyozungushwa. Jioni tunasikia tu kwamba "wakaaji wa komini fulani wanalalamikia umeme". Lalamiko la hivyo halimuumizi mtu. Mgeni wa studio anajibu "tunashughulikia", muziki unapigwa, kipindi kimekwisha.

Halafu angalieni ni nani anayechujwa. Mtu wa komini ya Kenya au ya Kampemba anahojiwa kabla hajahojiwa: unataka kusema nini, juu ya nani? Mkurugenzi au waziri wa jimbo ndiye anayeomba maswali mapema na kuyapata. Sitaji ile bahasha ya "usafiri", pesa anazopewa mwandishi na mkubwa, ambayo waandishi wenyewe wanaiita coupage. (Nimeshaitaja, basi.)

Chukueni umeme. Maji ya mto Lufira yanazungusha mitambo ya Mwadingusha na Koni, iliyojengwa na Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, kwa ajili ya shaba, siyo kwa ajili ya taa zetu. Mwadingusha ilipokarabatiwa, kazi ikakamilika 2021, fedha zilitoka upande wa mgodi wa Kamoa-Kakula. Hapo kuna swali halali: mgao unapangwaje, nani anakatiwa kwanza, nani hakatiwi kabisa? Mkaaji wa Katuba amuulize mtu wa SNEL, shirika la umeme la taifa, kwa mdomo wake. Likipitia kwa mtangazaji litalainishwa mpaka lisiwe swali tena.

Mzee wa Kamalondo:
Mwanangu, 1992 na 1993 ulikuwa wapi? Sisi tuliona Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, wakifukuzwa majumbani hapa Katanga. Stesheni ya Likasi ilijaa familia nzima na vyombo vyao, wakingoja treni ya kuwapeleka "kwao", mahali ambapo wengi hawakuwahi kuishi. Mambo yale yalianza na maneno. Hata sasa siasa ikichafuka kidogo tunaanza kuulizana asili. Unampa mtu usiyemjua kipaza sauti, anatupa neno moja juu ya kabila la jirani yake, nani atalirudisha? Zichujwe.

Dada wa soko la Kenya:
Mnabishana juu ya simu kama vile kila mtu ana uniti. Saa mbili ya asubuhi mimi niko nyuma ya meza yangu ya unga, siwezi kukaa dakika kumi nikisubiri laini. Wanaopiga ni walewale, sauti zao tumeshazizoea kama za watangazaji. Leteni kipaza sauti sokoni. Na msije na watu wa meya pembeni, maana mkija nao tutasema barabara ni nzuri.

Mwanasheria:
Msisahau CSAC, baraza la taifa linalosimamia redio na televisheni. Katiba ya 2006 imeipa kazi mbili, kulinda uhuru wa vyombo vya habari na kusimamia maadili yao. Tusi likipita hewani, kituo ndicho kitakachoitwa. Mpiga simu atakuwa ameshazima simu yake.

Fundi wa studio:
Mzee ana sababu. Lakini kuna njia ya katikati: kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache, fundi awe na kitufe cha kukata. Kompyuta ya kawaida na programu vinatosha. Tunachokosa ni amri ya maandishi inayosema neno gani linakatwa na lipi linaachwa. Bila hiyo, leo nitakata chuki, kesho nitakata jina la mkubwa. Nina watoto, na anayetia sahihi mshahara wangu anasikiliza kipindi akiwa ofisini kwake.

Mleta hoja:
Dada, umeshinda. Simu peke yake haitoshi, sokoni twende.

Mzee, nakuheshimu, lakini hapo sikubali. Sumu ya miaka ile haikuletwa na mpiga simu wa Katuba. Ilitoka juu. Gavana wa Katanga wa wakati huo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, aliihubiri mbele ya umati, na Mkasai wa kawaida hakuwa na kipaza sauti cha kumjibia. Leo tunamwogopa mama mwenye uniti za franka mia tano, na yule mwenye msafara tunamfungulia mlango na kumpa maji ya kunywa. Kitufe cha fundi nakikubali. Kiwahusu wote, na kianze na aliyeketi studio.

Mkaaji wa Ruashi:
Na mkubwa akikataa kuja?

Mleta hoja:
Isemwe hewani kwamba aliitwa hakuja. Juma linalofuata aitwe tena, na swali lisomwe lilelile, neno kwa neno.

Mzee wa Kamalondo:
Kitufe kwa mkubwa! Nionyesheni kwanza fundi atakayekibonyeza.

Fundi wa studio:
Siyo mimi, mzee. Labda ile amri ije na sahihi ya mtu aliye juu ya bosi wangu.