Kreti za plastiki mchanganyiko zinapasuka pembeni, naombeni ushauri

MsagaChenga: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza kreti za nyanya. Madumu (namba 2 kwenye alama ya aina ya plastiki) yakisagwa peke yake, kreti inatoka ngumu na haivunjiki. Viti (namba 5) peke yake navyo si haba. Nikichanganya nusu kwa nusu, kreti ikianguka tu pembe inapasuka, na karibu na tundu la kuingizia plastiki inabanduka tabaka tabaka. Kuna mtu kanishauri niongeze vumbi la matairi. Nijaribu?

FundiMoldi: Ongeza moto mkuu, hiyo haijayeyuka vizuri.

Mpolima: Moto siyo tatizo. Dumu ni PE (polithilini), inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Kiti ni PP (polipropilini), kama 165. Zote zimeyeyuka, ila hazijaungana. Ni mafuta na maji: moja inabaki matone ndani ya nyingine. Matone yakiwa makubwa na hayajashikana na kilichoyazunguka, ufa unateleza mpakani bila kukutana na kizuizi. Na nusu kwa nusu ndipo yanapogongana na kuungana zaidi. Halafu plastiki ya madumu ni ya kupulizwa, nzito kutiririka, ya viti ni nyepesi. Ile nzito haikatiki vizuri ndani ya nyepesi.

Vumbi la matairi achana nalo kabisa. Mpira unasaidia ukiwa chembe ndogo mno: kwenye polistirini isiyovunjika kirahisi ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu, kwenye nailoni hata chini ya 1. Kwenye polistirini hiyo pigo linazaa vijiufa vingi vidogo na nguvu inaishia humo. Punje ya tairi ina mamia ya mikroni na haishikani na PE. Yenyewe ndiyo mwanzo wa ufa.

MsagaChenga: Duh. Sasa vikishasagwa sitofautishi, na majini vyote vinaelea.

Mpolima: Lazima vielee, vyote ni vyepesi kuliko maji. Tia spiriti kwenye maji mpaka haidromita (kifaa cha kupima uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji) isome 0.93: PE inazama, PP inabaki juu. Mbali na moto, tafadhali! Njia hii ni ya kupimia sampuli tu, mzigo wote chambua kabla ya kusaga. Ukilazimika kuchanganya, nenda 80 kwa 20, jaribu na asilimia 5 hadi 10 ya EPDM (aina ya mpira). Inakaa mpakani, inashika pande zote mbili na matone yanakuwa madogo.

FundiMoldi: EPDM bei yake lakini...

Mpolima: Ndiyo maana nimesema achambue kwanza.