Kifunga-fundo cha kulia kinakosa: nibadilishe kamba, spea chache au seti nzima?

Malisho_Makavu
Wakuu, naomba msaada. Nina mashine ya zamani ya kufunga marobota madogo ya nyasi, ile ya kamba mbili, niliyoinunua ikiwa imeshatumika miaka mingi. Kushoto inafunga vizuri kabisa. Kulia, katika marobota 10, moja au mawili yanatoka yameachia. Robota likiachia upande mmoja linapinda kama upinde, na ukilinyanyua linamwagika lote. Nyasi ziko chini, mawingu yanajikusanya, na mimi naokota upya.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza: niachane na katani, nitumie kamba ya plastiki. Wa pili: ninunue mdomo (ndoano inayozunguka kufunga fundo), diski inayoshika kamba na kisu vipya. Wa tatu: nitoe kifunga-fundo chote cha kulia niweke kizima kipya. Mliopitia haya, mngeanza na lipi?

Fundi_Spana
Mkuu, usinunue kitu bado. Zile kamba zilizoachia umeziangalia au umezitupa? Jibu liko kwenye ncha zake.

Wakati wa kufunga kuna kamba mbili pale juu. Moja imeshikwa na diski tangu robota lililopita. Nyingine ndiyo kwanza imeletwa na sindano. Mdomo unazunguka, unazungusha kamba zote mbili kuwa kitanzi, ulimi wake unafunguka na kuzibana ncha, kisu kinakata, kisha mkono wa kisu unavua kitanzi kutoka mdomoni. Kitanzi kikivuliwa juu ya ncha zilizobanwa, hilo ndilo fundo. Kila hatua ikikosea inaacha alama yake.

Fundo likiwa kwenye kamba ya sindano peke yake, ile nyingine ilichomoka kwenye diski kabla ya kufungwa: kishikizi cha diski, yaani chuma kinachoibana kamba kwenye diski, kimelegea au kimelika. Fundo likiwa kwenye kamba ya diski peke yake, ya sindano haikufika mahali pake, kwa hiyo angalia sindano na vidole vinavyoisogeza kamba. Zote mbili zikiwa zimekunjamana lakini hazina fundo, ulimi haubani vya kutosha. Na fundo likibaki limeng'ang'ania mdomoni mpaka kamba ikakatika, ama springi ya ulimi imekazwa kupita kiasi, ama mdomo una kutu, ama mkono wa kisu hauugusi.

Kusanya kamba kama 8 zilizokosa, uzipange chini, halafu rudi hapa.

Kamba_Mbili
Mimi nilihamia plastiki na sijutii, ila nilihama mashine ikiwa nzima. Plastiki ina unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Katani ina sehemu nene na sehemu nyembamba, na kifunga-fundo kilichochoka hakivumilii tofauti hiyo. Katika hilo waliokushauri wana hoja.

Lakini plastiki inateleza. Ulimi unataka kubana zaidi, diski nayo inataka kushika zaidi. Ukiiweka kwenye kishikizi kilicholegea, kukosa kutaongezeka. Kisu butu pia kinaichanua nyuzi badala ya kuikata.

Mama_Ndama
Niongeze la upande wa ng'ombe, maana huwa linasahaulika. Katani ikianguka shambani inaoza. Plastiki haiozi, na ng'ombe akimeza vipande vinakaa tumboni. Mimi nimebaki na katani kwa sababu hiyo tu. Anayetumia plastiki ahesabu kila kamba anayokata wakati wa kulisha. Nasema hivyo kwa uchungu, nimewahi kupoteza mnyama.

Beila_Kuukuu
Naona mnamzungusha. Mashine ya umri huo, bushi zimelika, gia zina mchezo, na ukibadilisha kimoja kingine kinaanza. Mimi niliweka kifunga-fundo kizima na nikapumzika msimu wote. Hesabu nyasi zinazonyeshewa wakati unachezea nati, utaona kizima si ghali.

Fundi_Spana
Beila_Kuukuu, kama shimo la mhimili wa mdomo limepanuka, nakubaliana nawe, hakuna marekebisho ya nati yatakayosaidia. Ashike mdomo kwa vidole na kuutikisa: ukicheza kwa kiasi kinachoonekana kwa jicho, twende kwenye njia yako. Usipocheza, kizima kipya kitahitaji kupangwa upya na sindano na kupakwa grisi mule mule, na tatizo likiwa kwenye sindano atakuwa amelipia kitu kisicho na kosa.

Mzee_wa_Grisi
Vijana, kabla ya yote, usalama. Zima injini, chomoa shafti kutoka kwenye trekta, ndipo ufungue kifuniko. Zungusha gurudumu zito kwa mkono, kwa uelekeo wake wa kawaida tu, na mtu mwingine asisimame karibu na sindano. Ukishakitegua kifunga-fundo kianze kufunga, sindano zinapanda hata kama injini imelala.

Ukizungusha polepole hivyo utaona kila kitu. Mkono wa kisu unatakiwa kuusugua mdomo kwa wepesi na kuendelea kupita ncha yake, robo inchi hadi nusu inchi kwenye mashine nyingi. Ukipita bila kugusa, upinde kidogo kwa chuma. Mdomo uliokaa msimu mzima bila kazi huwa na kutu laini usiyoiona. Pitisha kidole. Ukihisi ukwaruzo, sugua kwa msasa mwembamba mpaka ung'ae. Usiuguse kwa tupa, utauharibu umbo.

Mfumo huu ni wa zamani kuliko mashine zenu. John Appleby wa Marekani aliupatia hataza mwishoni mwa miaka ya 1870, kwa ajili ya mashine za kufunga miganda ya ngano. Umbo la mdomo halijabadilika sana tangu hapo, ndiyo maana anayejua mashine moja anaweza kuisoma nyingine.

Malisho_Makavu
Nimerudi. Kamba 8: kwenye 7 fundo liko upande wa sindano peke yake, na ncha ya pili imetafunwa. Moja sikuielewa. Mdomo nimeutikisa, hauchezi.

Nilikaza nati ya kishikizi cha diski. Marobota kama 20 yakatoka safi, kisha kamba ikaanza kukatika pale pale kwenye diski.

Fundi_Spana
Ulikaza kiasi gani?

Malisho_Makavu
Mzunguko mzima. Nilikuwa na haraka.

Fundi_Spana
Rudisha ulipoanzia. Kaza robo mzunguko, funga marobota 10, uangalie. Na kitu kimoja kwa wakati. Ukigusa kishikizi na springi ya ulimi siku moja hutajua kipi kilisaidia.

Ila kuchomoka ukilegeza na kukatika ukikaza, kwa macho yangu, hicho ni kishikizi kilicholika mfereji. Kinabana pembeni, katikati hakigusi. Una bahati una kifunga-fundo cha pili kilicho kizima. Hamisha kishikizi cha kushoto kije kulia na cha kulia kiende kushoto. Tatizo likihama, umempata mwizi.

Kamba_Mbili
Wakati huo huo punguza mbano wa chumba cha robota kidogo. Robota gumu sana linaivuta kamba kutoka kwenye diski hata kama kishikizi ni kipya, hasa nyasi zikiwa na unyevu.

Malisho_Makavu
Wakuu, limehama! Nimefunga marobota 60. Kulia hakuna hata moja lililoachia, kushoto yameachia 5. Nilipokitazama kishikizi kile kwenye mwanga, mfereji upo, ukucha unaingia. Chini ya diski palikuwa pia na makapi yaliyoshikana kama udongo, nimeyatoa kwa waya.

Kwa hiyo naagiza kishikizi kimoja na diski yake. Katani naendelea nayo, neno la Mama_Ndama limeniingia. Kifunga-fundo kizima nimeachana nacho.

Beila_Kuukuu
Hapo sina ubishi, mfereji umeonekana kwa macho. Ukiwa umefungua, noa na kisu.

Mzee_wa_Grisi
Na kishikizi kipya usikikaze pale kile cha zamani kilipokuwa. Anza kikiwa kimelegea, zungusha gurudumu kwa mkono, ivute kamba kwa vidole, ndipo ukaze robo kwa robo mpaka ikatae kuchomoka.