Msaada: chumba cha kuchajia betri za foklifti kinanuka mayai viza

Mzigo_Mzito (mleta uzi):
Wakuu, salaam. Nipo ghalani, tuna foklifti nne za betri za asidi. Mwezi uliopita chaja zilihamishiwa chumba cha nyuma kisicho na dirisha, na usiku mlango unafungwa kwa kuhofia wizi. Asubuhi nikifungua napokewa na harufu ya mayai viza, koo linawasha. Kijana anayechaji, suruali yake ina matundu madogo madogo mapajani kama imeliwa na nondo. Maji yanayofurika kwenye betri anayasukuma mferejini kwa mpira. Msimamizi anasema betri zote ndivyo zilivyo. Kijana ana mtoto mchanga na anarudi nyumbani na nguo hizo hizo. Nishaurini, nina hofu kweli.

Spana17:
Hofu yako ni ya haki. Betri ikikaribia kujaa, umeme huvunja maji na kutoa haidrojeni. Haina rangi wala harufu, na ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inalipua. Ni nyepesi, hujikusanya darini, kwa hiyo matundu ya hewa lazima yawe juu.

Hiyo ya mayai viza ni gesi nyingine, haidrojeni salfaidi, nayo ni sumu. Mara nyingi inatoka betri ikichajiwa kupita kiasi au seli ikiwa imekufa. Ukiisikia, usiingie. Zima umeme kwenye swichi kuu iliyo nje, acha mlango wazi, watu wakae mbali. Usichomoe waya kwenye betri chaja ikiwa inafanya kazi, hapo ndipo cheche inaporuka. Na harufu ikipotea usidhani gesi imekwisha, pua huchoka.

Mzigo_Mzito:
Asante mkuu. Na huko kufurika je?

Koleo:
Anajaza maji kabla ya kuchaji, sivyo? Asidi hupanda ikichajiwa. Kabla ya chaji aongeze tu pale mabamba yanapoonekana makavu, tena kidogo, yafunikwe basi. Kujaza ni baada ya chaji, kwa maji ya betri yasiyo na asidi. Avae miwani, glovu za mpira na aproni. Ikiingia jichoni, maji safi yatiririke dakika 15 bila kusita, halafu hospitali. Pete na saa avue: niliwahi kuona spana imelala juu ya vichwa viwili vya betri, ikawa nyekundu kabla hatujaifikia.

Mama_Pacha:
Mimi nimeshikwa na huyo mtoto mchanga. Maji hayo yana risasi, yaani ile metali yenye sumu ya mabamba ya betri hizi, na risasi haiozi, inabaki kwenye udongo. Bikaboneti ya soda inaua ukali wa asidi lakini haiondoi risasi, kwa hiyo tope likusanywe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, liende na betri chakavu kwa wenye kibali. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Nguo zibaki kazini na zifuliwe huko huko, aoge kabla ya kumbeba mwanawe. Wote wawili wapimwe damu.

Tairi_Bovu:
Hamieni lithiamu tu.

Spana17:
Haina asidi wala haidrojeni ya kuchaji, lakini ikiungua hutoa moshi wa sumu na huweza kuwaka tena baada ya kuzimwa. Chumba hicho hakiifai pia.

Mzigo_Mzito:
Nimezima swichi kuu, mlango uko wazi. Betri moja imevimba ubavuni, imewekwa kando. Kijana nimempigia, kesho anakwenda kupima na mtoto. Barua ya kwa meneja naiandika usiku huu. Koleo, naomba uipitie kabla sijaipeleka.