Vespa PX150 iliyokwishapita kilomita 70,000: nibadilishe pistoni tu, au niifungue injini yote?

Msafiri wa Makunduchi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina skuta ya Vespa PX150 niliyoachiwa na marehemu ami yangu, na kwa miaka miwili sasa ndiyo inayonipeleka kazini kutoka Makunduchi hadi mjini na kunirudisha. Mita yake ilisimama kwenye kilomita 71,400 kwa sababu waya wake ulikatika kabla sijaipokea, kwa hiyo safari yake ya kweli ni ndefu kuliko inavyosomeka.

Tangu mwisho wa masika imekuwa nzito. Asubuhi naipiga teke mara nane au kumi ndipo iwake, gia ya nne haivuti upepo ukiwa wa mbele, gia ya pili huchomoka yenyewe ninapokaza petroli, na moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto. Fundi mmoja amenishauri tubadilishe pistoni na ringi bila kuiteremsha injini, kazi ya mchana mmoja. Mimi sijawahi kufungua injini yoyote, lakini nina spana nzuri, nina chumba cha uani, na nina subira. Naomba kujua kama pistoni na ringi zitatosha, kwa sababu fedha niliyonayo inaniruhusu kufanya kazi hii mara moja, si mara mbili.

Mzee wa Gereji

Wa alaykum salaam mwanangu. Fundi wako hakukosea kwamba pistoni imechoka, kwani kwa kilomita hizo haiwezi kuwa mpya. Ila katika dalili ulizozitaja, mbili hazihusiani na pistoni hata kidogo. Gia inayochomoka ni jambo la ndani ya kasha la injini, na moshi mweupe usiokwisha katika injini hii mara nyingi ni oili ya gia inayoungua.

Nikueleze inavyokuwa. Krenki ya PX, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, ina sili mbili, ambazo ni mipira ya kuzuia uvujaji. Iliyo upande wa sumaku huizuia hewa ya nje isiingie. Ikichoka, mchanganyiko wa petroli unakuwa mkavu, yaani hewa inazidi petroli, injini hupandisha mzunguko yenyewe ikipata moto, na ukiachia mkono haishuki upesi. Mwisho wake ni pistoni kutoboka. Sili hiyo unaweza kuibadilisha kwa nje, ukishatoa sumaku na bamba lake la koili. Iliyo upande wa klachi ndiyo inayotenganisha chumba cha krenki na chumba cha gia, nayo imekaa ndani, pembeni mwa beringi, hivyo huifikii mpaka kasha lipasuliwe nusu mbili. Hii ikichoka, kila pistoni inapopanda hunyonya oili ya gia, na oili hiyo huenda kuungua juu. Sasa fikiri umeweka pistoni mpya na ringi mpya, na sili hiyo umeiacha: moshi utakuwa uleule, na mchana wako mmoja umekwenda bure.

Kabla hujagusa spana nyingine yoyote, fanya hivi. Safiri kidogo injini ipate moto, kisha mwaga oili ya gia katika chombo chenye vipimo. Injini hii hubeba mililita 250 za SAE 30. Ikitoka pungufu sana, fungua gurudumu la nyuma na uangalie ndani ya drami ya breki, kwa sababu kuna sili nyingine kwenye shafti ya gurudumu ambayo nayo huvujisha. Drami ikiwa kavu na oili imepungua, basi umeshajua ilikokwenda. Inuse pia: oili ya gia yenye harufu ya petroli ni shahidi wa pili.

Mkerezaji Tanga

Namuunga mkono mzee, nami niongeze la silinda, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Watu huniletea silinda pamoja na pistoni waliyoinunua kwa kubahatisha, na nusu yao hurudi dukani.

Ukishatoa silinda, kwanza soma namba iliyogongwa juu ya kichwa cha pistoni. Kipenyo cha kiwandani cha PX150 ni milimita 57.8, na saizi zinazofuata ni 58.0, 58.2 na 58.4. Namba hiyo itakuambia kama kuna mtu aliyewahi kuikereza kabla yako. Pili, chukua ringi moja, iingize silinda tupu, na uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa bila kuegemea upande. Pima mwanya wa ncha zake kwa vipimo vya mabamba, yaani vibati vyembamba vyenye unene unaojulikana, chini kabisa ambako ringi haifiki, halafu juu ambako pistoni hugeukia. Toa mwanya mdogo katika mwanya mkubwa, ugawe kwa 3.14; jibu ndilo tofauti ya kipenyo kati ya juu na chini. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukuonesha ununue saizi gani. Hata ringi kuukuu inafaa, maana tunachotafuta ni tofauti tu.

Pistoni inunuliwe kwanza, silinda ikerezwe baadaye kwa kuifuata pistoni hiyohiyo iliyo mkononi. Na umwambie mkerezaji avunje makali ya matundu yote ya silinda baada ya kazi, kwa sababu tundu lenye makali hunasa ringi, na ringi ikikatika vipande vyake huteremka chini kwenye krenki.

Dereva wa Bububu

Kuhusu gia ya pili: ni msalaba wa gia, kile kipande chenye pembe kinachoshika gia unayoichagua, uliolika pembe. Ukishapasua kasha, ubadilishe bila kufikiri mara mbili, kwani bei yake ni ndogo kuliko usumbufu. Fimbo inayoubeba ina uzi wa kushoto, yaani hufunguka kwa kuizungusha upande ambao spana zote nyingine hufunga. Mimi nilikata ya kwanza kwa kulazimisha, na nilisubiri wiki tatu kupata nyingine.

Msafiri wa Makunduchi

Mzee wangu, shikamoo, na nawashukuru wote. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Oili ya gia niliyoijaza mwenyewe miezi minne iliyopita ilitoka mililita 140, na ilinuka petroli. Drami ya nyuma ilikuwa kavu, ina vumbi tu. Kwa hiyo nimeiteremsha injini na sasa iko juu ya meza uani.

Pistoni imegongwa 58.0, jambo ambalo sikulitarajia. Mwanya wa ringi chini ulikuwa milimita 0.35, na juu ulikuwa 1.00. Nikigawa napata kama 0.21. Konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, ina mchezo wa upande kwa upande, lakini nikiisukuma juu na chini naona pia kitu kidogo sana kinagonga. Je, huo nao ni wa kawaida?

Mkerezaji Tanga

Upande kwa upande ndivyo ilivyoundwa. Juu na chini hapana; ukiusikia mkononi hata kidogo, beringi ya chini ya konrodi imekwisha. Inawezekana kusukuma pini na kuweka konrodi mpya kwa mashine ya kushindilia, lakini lazima krenki inyooshwe tena kwa kipimo cha sehemu za mia za milimita, na wenye uwezo huo ni wachache. Kwa anayeanza, nunua krenki nzima. Tahadhari moja: LML ya Kanpur, India, ilitengeneza skuta za umbo hilihili, na baadhi ya injini zake zilitumia vali ya mabamba badala ya vali ya kuzunguka. Hakikisha unaponunua kwamba krenki ni ya vali ya kuzunguka.

Silinda yako imelika kiasi cha kuila saizi nzima. 58.2 haitasafisha ukuta wote, nenda 58.4. Ndiyo ya mwisho, na baada ya hapo ni silinda mpya.

Mzee wa Gereji

Marahaba mwanangu. Umefika mahali ambapo wengi huharibu, basi nisome polepole.

Injini hii haina vali nyingine: bega la krenki lenyewe ndilo linalofungua na kufunga njia ya petroli, likipita karibu mno na kikalio kilichochongwa kwenye kasha, mwanya wa sehemu chache tu za mia za milimita. Ukishatoa krenki, kiangalie kikalio hicho kwa tochi na ukipitishie ukucha. Mikwaruzo myembamba ya urefu haina neno, lakini mfereji mpana ukingoni utavujisha, petroli itarudi kwenye kabureta, na utaendelea kupiga teke mara kumi kila asubuhi hata kila kitu kingine kikiwa kipya. Usiguse hapo kwa msasa. Kama kumeharibika, ni kazi ya kuchomelea na kuchonga upya, au kutafuta kasha jingine.

Nusu za kasha usizitenganishe kwa bisibisi. Alumini iliyoishi karibu na bahari hushikana na bolti zake, kwa hiyo mwagia mafuta ya kulegeza usiku, upashe moto asubuhi, na ugonge kwa nyundo ya mpira. Beringi ziingie kwa joto: pasha kasha mpaka tone la maji lirukeruke juu yake, huku beringi zikiwa zimelala kwenye friza, nazo zitaanguka mahali pake bila ugomvi. Krenki ivutwe kwa kifaa cha kuvutia hadi iingie kwenye beringi ya upande wa klachi. Ukiigonga nyundo kichwani, mabega yake hupinda na utakuwa umenunua krenki mpya ili kuipotosha. Midomo ya sili ipake grisi kidogo kabla. Bolti za kasha zikazwe kwa msalaba hadi nguvu ya kukaza ya kati ya Nm 12 na 15, na kila baada ya chache zungusha krenki kwa mkono. Ikianza kukaza, simama. Mshale wa pistoni uelekee bomba la moshi, na vibana pini viwe vipya.

Dereva wa Bububu

Tangi la kwanza weka oili asilimia nne, injini ioge.

Mzee wa Gereji

Hapo sikubaliani nawe, kaka. Oili inapozidi katika lita ileile, petroli inapungua, na mchanganyiko unakuwa mkavu wakati ambapo silinda mpya inahitaji ubaridi. Asilimia mbili ya oili nzuri, yaani mililita 20 kwa kila lita, ndiyo ya kiwandani. Kinacholinda ni kutokaza petroli mfululizo kwa kilomita 500 za mwanzo.

Msafiri wa Makunduchi

Nimekwenda kwa asilimia mbili. Imechukua siku kumi na tisa, nane kati ya hizo nikiingojea krenki. Kikalio kilikuwa na mikwaruzo myembamba tu. Msalaba wa gia ulitoka pembe zake zimekuwa duara kama sabuni iliyotumika, na fimbo nilikumbuka kuifungua kwa kuizungusha upande wa kulia.

Imewaka teke la tatu. Moshi ulikuwa mwingi dakika za mwanzo, nikaogopa, halafu ukapungua mpaka ukawa ule mwembamba wa kawaida. Mpaka jana nimekwenda kilomita 160, na nilipomwaga oili ya gia kuikagua zilitoka mililita zote 250. Limebaki moja: injini ikiwa ya moto, nati ya sumaku nikaze tena au niiache?

Mzee wa Gereji

Kama ulikaza kwa Nm 60 hadi 65 na washa ya kuzuia kulegea ipo, iache. Kagua za kichwa cha silinda, injini ikiwa baridi kabisa.